Picha Zisizo na Seli

Mara ya kwanza watu kumwita Sigitas mlevi, mdogo wake Vaiva alikuwa amekaa jukwaani na chupa ya chai mapajani. Ilikuwa katika mji mdogo wa Utena, kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Timu mbili za mkoa zilikuwa zikicheza mpira wa kikapu, na refa alikuwa Sigitas Gudelis, mtu wa kifua na sauti, ambaye wachezaji walimwogopa kuliko walivyowaogopa makocha wao. Alipokuwa akikimbia kurudi upande wa pili, mguu wake wa kushoto ulitua pembeni, kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Akajiweka sawa. Baadaye ukatua tena vilevile.

"Refa, umekunywa nini leo?" jamaa mmoja wa safu ya nyuma akapaza sauti. "Tugawie na sisi."

Ukumbi ukacheka. Vaiva hakucheka. Aliwahi kuuona mguu ukitua namna ile, ila wakati huo ulikuwa mguu wa mama yao.

Ugonjwa ulikuwa wa ukoo. Madaktari walikuwa na jina lake refu. Nyumbani kwa akina Gudelis uliitwa kuyumba, basi. Unaanzia sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayoshika mizani ya mwili, na unakula polepole: miguu, kisha mikono, kisha ulimi, mwisho koo. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake huzaliwa na uwezekano wa nusu kwa nusu. Vaiva alikwenda kupimwa akiwa chuo kikuu, akakutwa hana. Sigitas hakutaka hata kusikia habari ya kipimo.

"Nikikutwa nao utaniletea nini?" alimwambia. "Maua?"

Baada ya siku ile ya ukumbini hakukuwa na haja ya kipimo. Sigitas aliitundika filimbi, akaanza kutembea na fimbo, na yeye na mkewe Jolita wakaacha kuzungumzia watoto. Walikuwa wameshachagua majina. Wakaacha kuyataja.

Vaiva yeye alikuwa Vilnius, mji mkuu, katika kampuni moja changa iliyokuwa ikitafuta dawa kwa akili mnemba. Aliiomba kazi ile kwa sababu walikuwa wakitafuta dawa ya kuyumba. Maabara ilichukua vipande vya ngozi za wagonjwa na za watu wasio na ugonjwa, ikavigeuza kuwa seli za ubongo, ikazikuza katika sahani za plastiki zenye vishimo vidogo, kisha ikazipiga picha kwa hadubini. Picha zikapewa mashine. Kazi ya Vaiva ilikuwa kuifundisha mashine itazame picha na kusema: hii ni seli ya mgonjwa, hii si ya mgonjwa. Ilipokwisha kulijua hilo, walianza kudondoshea seli za wagonjwa kemikali za kila aina, maelfu kwa maelfu, na kuiuliza mashine ni ipi inayozifanya zifanane na seli za watu wasio na ugonjwa. Mashine ikachagua chache. Kisha ikabuni nyingine, ambazo hakuna mkemia aliyewahi kuzifikiria, ikisema hizi zitafaa zaidi.

Moja ya hizo waliiita Korongo, kwa kuwa ukiichora ilikuwa na mguu mmoja mrefu. Korongo aliwapita wenzake wote kwa mbali. Panya waliopewa Korongo walitembea juu ya kijiti vizuri kidogo kuliko wenzao. Maini yao hayakudhurika. Wawekezaji wakaja na tai zao, wakaondoka wakitabasamu, na hospitali moja ya Kaunas ikakubali kufanya majaribio kwa wagonjwa. Nusu wangepewa Korongo, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, na hakuna ambaye angejua nani anameza nini mpaka mwisho.

Sigitas aliomba kuingia, akakubaliwa. Vaiva alilieleza jambo hilo kazini tangu mwanzo, naye akawekwa mbali na kila kitu kilichohusu wagonjwa. Yeye alibaki na mashine yake.

Majira ya baridi yale Sigitas alimpigia simu. Hakuwa mtu wa simu.

"Vaiva, nataka kukuuliza kitu, na usinijibu kidaktari."

"Mimi si daktari."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Hiyo mashine yako ina hakika kiasi gani?"

Vaiva alifikiri kidogo. Alitaka kusema ukweli, na ukweli kama alivyoujua siku ile ndio alioutoa. "Sijawahi kuiona ikiwa na hakika hivi kwa kitu chochote, kaka."

"Basi," alisema Sigitas. "Hilo linanitosha."

Sikukuu ya Pasaka Vaiva alikwenda Utena. Mayai ya rangi yalikuwa yamepangwa mezani, na Sigitas alifungua mlango bila fimbo. Alikuwa amenenepa, uso umemng'aa.

"Unaniona?" alisema, akageuka mzima mlangoni kama mtu anayejaribu koti dukani. "Umeniona nilivyogeuka?"

"Nimekuona. Ingia ndani, utavunja mlango."

Wakati wa kula Jolita aliweka mkono wake juu ya mkono wa Vaiva. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mfanyakazi wa kiwanda cha maziwa, asiyejua kuficha jambo.

"Wifi, tumeamua. Tena tumeshaamua muda," alisema, akacheka, akaanza kulia. "Mwezi wa tatu huu tumboni."

Vaiva alimkumbatia. Alifurahi kweli, hakuna mtu angeweza kusema hakufurahi. Waligonganisha mayai kama kawaida ya siku ile, na yai la Sigitas likayavunja mengine yote. Akaliinua juu kama kombe.

Wiki chache baada ya hapo, kazini, waliambiwa mashine ianze kufundishwa ugonjwa mwingine, wa misuli. Kabla ya kuanza, Vaiva alitaka kuipima kidogo, jambo la kawaida, kama fundi anavyougongagonga ukuta kabla ya kuupaka rangi. Alizichukua picha za zamani za kuyumba, akazifunika seli zote kwa weusi, moja moja, mpaka ikabaki ile nafasi tupu ya majimaji yanayozizunguka. Mashine isiyoona seli ingepaswa kubahatisha, kama mtu anayerusha sarafu. Akaiuliza: mgonjwa, au si mgonjwa?

Mashine haikubahatisha. Ilizitenga picha zile karibu bila kukosea hata moja.

Vaiva alidhani amekosea yeye. Alifunika upya, kwa upana zaidi, akauliza tena. Jibu likawa lilelile. Alikwenda kunawa uso, akarudi, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta akiitazama picha moja isiyo na seli, ambayo mashine ilikuwa na hakika kabisa kwamba ni ya mgonjwa.

Alipoteremka maabara alijua atakachokikuta, maana alikuwa amepita mbele yake kila siku kwa miaka. Kulikuwa na makabati mawili ya joto ya kukuzia seli. Seli za watu wasio na ugonjwa zilifika kwanza, zikawekwa katika kabati kuukuu karibu na dirisha. Za wagonjwa zilikuja baadaye, kabati jipya liliponunuliwa, zikawekwa humo. Lilikuwa suala la nafasi tu. Hakuna aliyelifikiria mara mbili. Ila mlango wa kabati kuukuu haukubana vizuri, majimaji ya sahani zake yalikauka kidogo, na rangi yake ikawa imekolea kwa kiasi ambacho jicho la mtu haliwezi kukiona. Jicho la mashine lilikiona. Miaka yote ile, Vaiva alipodhani anaifundisha kumtambua mgonjwa, ilikuwa imejifunza kutambua kabati. Na Korongo hakuwa ameponya kitu. Alikuwa ameyakoleza majimaji.

Alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea kabati jipya. Kabati lilikuwa na joto. Mtu mmoja wa maabara alipita akamuuliza kama anaumwa, akajibu kuwa amechoka tu.

Mkuu wa kampuni aliitwa Leonardas, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe, aliyeacha kazi nzuri Ujerumani ili kuianzisha kampuni ile nyumbani. Vaiva alimkuta ofisini akila supu baridi ya bitiruti, ile ya rangi ya waridi.

"Kaa," alisema. "Umekula?"

"Daktari, mashine haitazami seli."

Alimweleza yote. Leonardas hakumkatiza hata mara moja. Supu ilibaki mbele yake, kijiko ndani.

"Na panya?" aliuliza hatimaye. "Panya walitembea kwenye kijiti."

"Panya walikuwa wachache, na sisi tulitaka watembee."

Leonardas alisugua macho. "Sikiliza, Vaiva. Huenda Korongo anafanya kazi kwa njia tusiyoijua. Zipo dawa zilizopatikana kwa makosa makubwa kuliko hili. Vuli ikifika matokeo yatafunguliwa, tutajua. Ukienda kuwaambia watu sasa, majaribio yataharibika, na hapo hatutajua kamwe. Watakuwa wamemeza bure."

Kilichomuumiza Vaiva ni kwamba mzee yule hakuwa akidanganya. Kila neno lilikuwa na maana yake.

"Vidonge havijamdhuru mtu hata mmoja," Leonardas akaongeza.

"Wifi yangu ana mimba," alisema Vaiva. "Walisubiri miaka. Wameipata kwa sababu ya vidonge hivyo."

Nje watu walikuwa wakicheka kwenye ngazi.

"Hilo sikulisikia," alisema Leonardas kwa sauti ya chini. "Wewe hutakiwi kuwa na habari za mgonjwa yeyote. Kwa faida yako mwenyewe, sikulisikia."

Vaiva alilivumilia jambo lile kwa siku kadhaa. Alikula bila kuonja, alilala bila kupumzika. Jumamosi akawasha gari akaenda Utena bila kupiga simu kwanza.

Nyumbani hakukuta mtu. Jirani, bibi aliyekuwa akipalilia vitunguu, alimwambia wote wako shuleni. "Kaka yako anachezesha watoto leo. Nenda ukaone, amekuwa kijana tena."

Ukumbi ulikuwa uleule. Watoto wenye fulana zilizowapita magoti walikuwa wakikimbizana na mpira, na Sigitas alikuwa katikati, filimbi shingoni. Jolita alikuwa jukwaani, mkoba wa mbegu za alizeti juu ya tumbo lake.

"Wifi, mbona hukusema?" alisema akimsogezea nafasi. "Kaa hapa. Tangu asubuhi anapiga pasi shati hilo. Ungedhani anakwenda kuoa."

Sigitas alimwona, akanyoosha kidole kuelekea kwake. "Mwanasayansi wetu huyo amefika," aliwaambia watoto. "Leo hakuna ujinga."

Vaiva alimtazama kaka yake kama ambavyo hakuwa amemtazama siku ya Pasaka. Aliona miguu imetanuka ili kupata msingi. Aliona mkono ukiitafuta filimbi, ukaipita, ukarudi, ukaipita tena, kisha ukaipata. Mtoto mmoja aliteleza na mpira, Sigitas akageuka ghafla kumfuata, mguu wa kushoto ukaenda upande wake na mwili upande mwingine, akaanguka kwa ubavu, kwa kishindo kilichowanyamazisha watoto wote.

"Kashalewa tena huyu," alisema baba mmoja nyuma yao.

Jolita aligeuka. "Kunywa wewe, jamani, ufurahi. Yeye mwache."

Sigitas alikuwa ameshapiga goti. Alisimama polepole, akapuliza filimbi, akaionyesha sakafu ishara ya faulo. "Wamepaka nini hapa, siagi?" Watu wakacheka, safari hii kwa upendo, na mchezo ukaendelea. Vaiva aliyashika magoti yake kwa mikono yote miwili.

Nyumbani Jolita alitoa jikoni trei ya viazi vilivyokunwa na kuokwa, na maziwa mgando pembeni. Sigitas alikula kama aliyetoka shamba. Vaiva alingoja mpaka sahani ya kaka yake ikabaki tupu.

"Kaka, mashine ilikosea."

"Mashine gani? Ya kufulia?" alisema Sigitas. "Hiyo hukosea kila siku. Muulize Jolita soksi zangu ziko wapi."

"Mashine yangu."

Aliwaeleza. Hakutumia maneno ya kazini. Alieleza makabati mawili, dirisha, mlango usiobana, maji yaliyokauka. Alieleza picha zisizo na seli. Alipomaliza, Sigitas alikuwa bado na tabasamu lile la kwanza, ila halikuwa na mwenyewe.

"Lakini mimi natembea vizuri," alisema. "Nimeacha fimbo. Jolita, mwambie nimeacha fimbo."

Jolita alikuwa akiitazama sahani yake.

"Mwambie."

"Unashika ukuta," alisema Jolita taratibu. "Nikiwa jikoni unashika ukuta mpaka mlangoni. Unadhani sikuoni."

Kisha Jolita aliinua uso, na alipozungumza alizungumza na Vaiva, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele.

"Mwanzoni daktari aliniuliza kama nataka mtoto apimwe humu tumboni. Mapema, wakati ule ningeweza kuamua lolote. Nikamcheka, wifi. Nikamwambia, wifi yangu ndiye anayetengeneza dawa, huyu akikua itakuwa inauzwa kama dawa ya mafua."

"Sikujua wakati ule, Jolita. Naapa sikujua."

"Najua hukujua." Alianza kukusanya sahani, akaacha, akaziweka tena mezani. "Hilo ndilo silipatii mahali pa kuliweka. Ningekuwa na wa kumchukia, afadhali."

"Mimi nilikupigia simu," alisema Sigitas.

"Ndiyo, kaka."

"Nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Toka, Vaiva."

Hakupaza sauti. Sauti ile iliyokuwa ikiwatetemesha wachezaji wa mkoa mzima ilitoka kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Vaiva alichukua mkoba wake akatoka. Bibi wa vitunguu alimpungia mkono, naye akampungia.

Jumatatu aliwaandikia madaktari wa Kaunas, akaeleza kila kitu, pamoja na kwamba amemwambia mgonjwa. Kampuni ilimwachisha kazi, na hakuona la kulalamikia. Sigitas alitolewa kwenye majaribio. Wengine waliulizwa kama wanataka kuendelea, na karibu wote wakasema wanataka. Mmoja, mwalimu mstaafu wa muziki, alipata namba ya Vaiva akampigia kumtukana. Vidole vyake vimefunguka, alisema, anapiga tena kinanda, na yeye Vaiva ni nani aje kumwambia havikufunguka. Vaiva alimsikiliza mpaka akachoka mwenyewe.

Vuli ilifika, matokeo yakafunguliwa. Waliomeza Korongo na waliomeza vidonge vitupu walikuwa wameshuka sawasawa, hatua kwa hatua, kama mapacha. Leonardas alimpigia kumwambia. "Ulikuwa sahihi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa rambirambi. Alimwambia pia kwamba Sigitas, kwa muda wote aliokuwamo, alikuwa akimeza Korongo halisi, si vidonge vitupu. Vaiva hakuelewa kwa nini alitaka alijue hilo. Kampuni ilifungwa kabla ya mwaka kwisha. Mashine ilinunuliwa na watu wengine, na habari ya mwisho aliyoisikia ni kwamba inatafuta dawa ya kuzuia mikunjo ya ngozi.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi, msichana, wakampa jina Ūla. Vaiva aliipata habari kwa jirani. Alituma blanketi dogo la sufu. Halikurudishwa, wala hakujibiwa. Madaktari hawampimi mtoto mdogo ugonjwa kama ule. Wangengoja mpaka akue, aamue mwenyewe kama anataka kujua, na kuanzia sasa hadi hapo kila atakapojikwaa kutakuwa na watu wazima wawili watakaoacha walichokuwa wakifanya.

Theluji ilipokuwa ikiyeyuka Jolita alipiga simu.

"Wifi, si yeye aliyesema nikuite. Ni mimi. Lazima nirudi kiwandani, la sivyo hatutakula. Na siwezi kumwachia mtoto. Juzi alimnyanyua kitandani, wakaanguka wote wawili. Mtoto hana kitu, alimwangukia yeye tumboni. Lakini tangu hapo hataki hata kumgusa."

"Anajua unanipigia?"

"Anajua. Amegeukia ukuta."

Vaiva alikodi chumba Utena. Kazi hakuwa nayo, na aliyokuwa amejifunza maisha yake yote hakutaka kuigusa. Asubuhi ya kwanza Jolita alikuwa ameshavaa koti la kazi. Alimbusu mtoto, akambusu mumewe kichwani, akamshika Vaiva mkono mlangoni, akakimbilia basi.

Sigitas alikuwa kwenye kiti karibu na meza, magongo mawili yameegemezwa pembeni. Alikuwa amekonda. Maneno yake sasa yalitoka yakivutana, kama yameshikana ndani ya mdomo, na ilibidi Vaiva ainamie karibu ili ayasikie.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua, kaka."

"Nimefikiri, nikaona huna kosa. Bado sijakusamehe."

"Sawa."

Alivuta pumzi, akangoja ulimi umtii. "Kuna kingine? Mahali popote? Marekani, China?"

Vaiva alikuwa amesoma kila kilichoandikwa, mpaka wiki iliyopita. "Hakuna, kaka. Si kwa wakati wako."

"Na kwa wakati wake?"

"Sijui."

Sigitas alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Mtoto alianza kulia chumba cha pili. Alielekeza uso upande ule, mikono ikabaki mapajani.

"Maziwa yake yako kwenye friji," alisema. "Usiyapashe moto sana."

Vaiva alikwenda kumchukua mtoto.